Mgongo Niliompa Mkwe Wangu

Sikusoma. Maneno haya nayasema nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu, na mjukuu wangu ndiye anayeyaandika. Ni binti wa mwanamke yule yule ninayetaka kumzungumzia, na nimemwonya asipunguze neno kwa kumhurumia mama yake, wala kwa kunihurumia mimi. Majina nimeyakataza yote. Inatosha kujua kwamba mwanangu wa pili ni mtu wa siasa mwenye cheo mkoani, na kwamba mkewe ndiye anayepita vijijini na machimboni akiwasemea wanawake. Mimi ni baba mkwe wake. Aibu yangu yote imeanzia hapo.

Kwa sisi Wasukuma wa rika langu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawazoeani. Wanaheshimiana kwa kuachiana nafasi. Alipoletwa hapa akiwa bibi harusi aliniamkia akiwa amepiga magoti mlangoni, uso chini, na tangu siku hiyo hajapita kati yangu na moto, hajakalia kiti nilichoondoka muda huo huo, wala hajalitaja jina langu. Jina langu linatokana na mvua za kwanza za mwaka. Zikianza kunyesha, watu wote wa mji huu, yaani kaya yangu, huzitaja kwa jina hilo isipokuwa yeye; yeye husema maji ya juu yamekuja. Nikiwa na neno la kumwambia, namwambia mtoto aliye karibu, hata kama mama mwenyewe amesimama pale pale.

“Mwambie mama yako dawa nimekunywa.”

“Mwambie babu nimeshukuru.”

Mtoto hana haja ya kurudia. Kazi yake ni kuwa katikati. Tukikutana njiani, mkwe wangu huacha njia, nami humpa mgongo mpaka apite, ili asilazimike kunitazama usoni. Mambo hayo kwa Kisukuma tunayaita nsoni. Wanaojua Kiswahili hulitafsiri neno hilo kuwa aibu, na sina ugomvi nao. Nimeishi na mwanamke yule miaka mingi bila neno baya hata moja kati yetu, kwa sababu kila mmoja alimwonea mwenzake aibu inavyopasa.

Kabla mume wake hajapanda cheo, alikuwa mkunga katika zahanati. Mume alipopata cheo, watu walidhani atakaa nyumbani, apokee wageni na kuvaa vitenge vya gharama. Akafanya kinyume. Alianza kuzunguka. Alikaa chini na wanawake wanaoponda mawe ya dhahabu kule Bugarama, akawauliza walijifungulia wapi na nani aliwashika. Aliwaomba watu mabati, akaomba saruji, akaomba viwanja, ili karibu na kila zahanati pawe na nyumba ya kusubiria, mahali ambapo mwanamke aliyekaribia kujifungua anaweza kukaa mpaka siku yake ifike. Mabati aliyapata. Kilichomshinda ni ruhusa. Kwetu mwanamke mjamzito hatoki kwenda kulala kwingine mpaka mkubwa wa mji aseme, na mkubwa wa mji mara nyingi ni baba mkwe, na baba mkwe ndiye mtu wa mwisho ambaye mwanamke anaweza kumwambia kwamba uchungu umeanza.

Hayo nayajua sasa. Wakati ule nilijua tu kwamba mkwe wangu anatembea sana. Habari za ndani niliziepuka, ingawa mtani wangu, mtoto wa shangazi yangu, alikuwa akiniletea mpaka zizini.

“Mkweo juzi alikuwa Bugarama. Unajua alichosema kwenye kipaza sauti?”

“Sitaki kujua.”

“Vizuri, maana hata mimi nikilewa siwezi kukisema. Nikwambie?”

“Nyamaza.”

“Nikwambie nusu.”

“Nitakuchapa fimbo.”

“Basi robo. Alitaja maziwa.”

“Maziwa yana nini?”

“Ya ng'ombe hayana kitu,” akasema, akakimbia huku akicheka, mtu mwenye mvi kama mimi.

Halafu ukaja mkutano wa kijiji chetu, huku upande wa Samuye. Mwanangu alinipigia simu akasema kuna wageni watatua na ndege pale Ibadakuli, watu wakubwa wanaosaidia kazi ya mkewe, na kwamba mimi nitakaa mbele pamoja na wazee wenzangu, kwa sababu wageni wanataka kuona kama wazee wenye miji wanakubali.

“Atazungumza nini?” niliuliza.

“Mambo ya afya, baba.”

Nilielewa vyandarua. Nilielewa maji ya kuchemsha. Nilifuliwa kanzu, nikavaa kofia, nikachukua fimbo yangu ya heshima, nikaenda.

Turubai lilikuwa limefungwa uwanjani pa shule. Sisi wazee tuliwekwa mstari wa mbele kwenye viti vya plastiki, wageni upande wa kulia, wanawake wamekaa chini kwenye kanga zao, vijana wamesimama nyuma na simu mkononi. Mkwe wangu aliposhika kipaza sauti alisimama karibu nami kiasi kwamba niliona vumbi la viatu vyake. Nilitazama vumbi hilo. Aliwasalimu wageni, akawaamkia wazee, kisha sauti yake ikawa nyembamba.

“Wazee wangu, mnisamehe. Leo nitayasema mambo ya uzazi kama yalivyo, maana tukiyafunika tunazika watu.”

Akataja damu. Akataja njia ya mtoto. Sitarudia mengine hapa, na mjukuu wangu ameinamisha kichwa anapoandika haya. Damu ilinipanda masikioni. Mbele yangu alikuwa mwanamke ambaye hajawahi kutamka hata jina langu, na nyuma yangu kijiji kizima kinatazama shingo yangu kuona nitafanya nini.

Njia ya kwanza ilikuwa kuondoka. Lakini kwetu mzee mkubwa akisimama mkutanoni kabla haujafungwa, wenzake hawamwachi aende peke yake. Watasimama wote, na vijana watafuata, na mkutano utakuwa umekufa. Nilijua kazi ya mkwe wangu ingekufa nao, mbele ya wageni waliotoka mbali. Njia ya pili ilikuwa kubaki nikimtazama usoni akiyasema yale. Hilo sikuliweza. Basi nilifanya ambalo ningefanya njiani. Niliinuka kidogo, nikakigeuza kiti changu, nikakaa nikimpa mgongo.

Mzee aliye kando yangu alinitazama, akaelewa, akageuza chake. Kikasikika mkwaruzo wa miguu ya viti, mmoja baada ya mwingine, mpaka mstari wote wa mbele ukawa unatazamana na wanawake waliokaa chini. Wanawake walifunika midomo kwa kanga. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kila mmoja wao amewahi kupewa mgongo wa namna hiyo na amewahi kushukuru.

Mkwe wangu hakukatisha. Sauti yake ilinyooka. Sasa kwa kuwa hakuwa na uso wangu mbele yake, alisema kama mtu anayesema na wanawake wenzake kisimani, na mimi nilisikia kila kitu. Alieleza habari ya mwanamke aliyeshikwa na uchungu wakati wanaume wamekwenda mnadani kuuza ng'ombe. Mkokoteni ulikuwepo, maksai walikuwepo, na majirani walikuwepo, lakini hakuna aliyethubutu kumpakia kabla mkubwa wa mji hajarudi na kusema neno. Mtoto alifia tumboni. Mama aliumia ndani, na tangu siku hiyo mkojo humtoka bila kujizuia, na amehamishiwa kibanda cha jikoni kwa sababu ya harufu.

Hakumtaja jina. Lakini mzee mmoja wa mstari wetu, anayekaa ng'ambo ya bonde, alianza kuisugua fimbo yake kwa kidole gumba, na hakuacha mpaka mwisho. Nikaelewa ni mji wa nani.

Mkwe wangu alipouliza kama wazee wanakubali kwamba mwanamke aende nyumba ya kusubiria bila kungoja ruhusa, nilijibu nikiwa bado nimempa mgongo. Nilisema kwa sauti kwamba tumekubali. Wenzangu wakaitikia. Mzee wa ng'ambo ya bonde aliitikia wa mwisho. Mkutano ukafungwa, wali na nyama vikaliwa, nami nilirudi nyumbani nikiwa na haya lakini si fedheha, nikijiona nimepita kwenye mlango mwembamba bila kuchana nguo.

Picha ilikuwa imenitangulia nyumbani.

Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha, akinishikia simu mbali na macho kwa sababu vitu vya karibu sivioni vizuri. Palikuwa na mkwe wangu ameinua mkono akizungumza, na mbele yake mstari wa migongo, na mgongo wa kati ni wangu. Kofia yangu inajulikana. Aliyeipiga ni mmoja wa vijana waliokuja na magari ya wageni, mtu wa mbali asiyejua mila zetu. Chini yake alikuwa ameandika kwamba baba mkwe na wazee wote wamemkataa mama huyu hadharani.

“Soma wanavyosema,” nilimwambia.

“Babu, tuache.”

“Soma.”

Alisoma. Mmoja aliandika kwamba wazee wa Kisukuma wanapenda ng'ombe kuliko wake za watoto wao. Mwingine alisema huyo mama kashindwa nyumbani kwake, sasa anahangaika na nyumba za wenzake. Mwingine aliandika: huyo mzee apelekwe shule. Mjukuu wangu aliisoma hiyo ya mwisho kwa sauti ndogo sana. Nilimwambia arudie, nikaisikia vizuri.

Nimetukanwa katika maisha yangu. Nimetukanwa kwa ng'ombe wangu kuingia shamba la mtu, na nimetukanwa na watani. Lakini sijawahi kutukanwa kwa heshima yangu mwenyewe, kwa jambo ambalo nilidhani ni zuri kuliko yote niliyofanya mwaka ule. Nilitaka kumweleza kila mtu aliyeandika, na sikuwa na namna, maana hata kuandika sijui. Nilikaa nje nikizungusha fimbo kwenye mchanga kama mtoto.

Ingeishia kwangu tu, ningenyamaza. Haikuishia. Kule Bugarama wachimbaji walikuwa wameahidi kiwanja karibu na zahanati, mahali ambapo wanawake wa mwaloni, wale wanaoponda na kuosha mawe ya dhahabu, wangejengewa nyumba yao ya kusubiria. Wengi wao hawana mama wala shangazi wa karibu. Wametoka kila pembe ya nchi kufuata dhahabu, na hujifungulia kwenye vibanda vya maturubai. Picha ilipofika huko, viongozi wa wachimbaji walimwambia mkwe wangu asiende tena. Walisema kama kwao wenyewe wazee wamemgeuzia mgongo, yeye ni nani wa kuwapangia wake zao? Kiwanja wakaanza kukiwekea mifuko ya mawe.

Mwanangu alikuja siku hiyo hiyo. Hakukaa.

“Baba, sema maneno mawili tu mbele ya simu hii. Eleza kwamba ile ilikuwa heshima. Nitaisambaza.”

Nilijaribu. Nilieleza. Yeye alinitazama kupitia simu, akaniambia nitabasamu, nikakataa, akaniambia basi nisikunje uso, nikamwambia huu ndio uso nilionao. Mke wangu alikuwa anachambua michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu, pale kivulini, akisikia yote.

“Mnahangaika bure,” alisema bila kuinua kichwa. “Watasema umelazimishwa na mwanao. Waliouona mgongo wako hawatafuti maneno yako. Wanataka uso.”

“Uso gani?”

“Huo unaokataa kutabasamu. Nenda ukaukalishe mbele yake kule Bugarama, akiongea, mpaka amalize.”

“Wewe mwanamke, unajua unaloliomba?”

“Najua. Mimi nimezaa watoto wako wote humu ndani, na kila mara nilingoja baba yako arudi kutoka malishoni. Nilikuwa na bahati, basi. Nenda.”

Sikuwa nimewahi kumsikia akilisema jambo hilo, na alilisema akiendelea kuchambua michembe yake.

Nilikwenda. Tulipanda gari la mwanangu, mimi nyuma na mkwe wangu mbele kando ya dereva, na njia nzima kupitia Kahama nilitazama dirishani. Mwanangu alikuwa ametuma ujumbe kwamba mzee anakuja mwenyewe. Ndiyo sababu pekee wachimbaji walikubali kukutana.

Bugarama ni vumbi na kelele. Mashine za kusagia mawe, wanazoziita karasha, hazikunyamaza hata kwa ajili yetu mpaka kiongozi wao, mtu wa makamo aliyevaa mabuti, alipopuliza filimbi. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye vivuli vya maturubai, nyundo mkononi, watoto mgongoni, nyuso zimepakwa unga wa mawe. Vijana walinitambua kwa kofia kabla sijashuka vizuri.

“Mzee Mgongo kaja!”

“Leo kaleta na uso?”

“Muulizeni kiti akielekeze kaskazini au kusini!”

Walicheka wote, Wakurya, Wahaya, Wagogo, na Wasukuma wenzangu ambao walipaswa kujua. Hao ndio walioniumiza. Wamekaa machimboni kiasi cha kusahau kwa nini mtu humpa mkwe wake mgongo, au hawajasahau na wameona haya kusema.

Niliwekewa kiti. Nilikaa nikimwelekea mkwe wangu. Simu ziliinuliwa kama mkono mmoja.

Mkwe wangu alichukua kipaza sauti, akaniona. Naona hakuwa ameamini mpaka wakati ule kwamba nitakaa hivyo. Alipiga magoti pale pale mavumbini, kipaza sauti mkononi, uso chini, kama anavyofanya mlangoni kwangu. Kiongozi wa wachimbaji akatazama huku na huku, hajui kama hiyo ni sehemu ya mkutano. Hapakuwa na mtoto wa kumtuma. Nikasema mwenyewe, moja kwa moja, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu aolewe.

“Simama, mama. Sema ulilojia.”

Alisimama. Lakini maneno yake yalikuwa yamekimbia. Alisema juu ya “yale mambo yetu” na “wakati ule” na “hali ile ya akina mama.” Alizunguka kama anavyolizunguka jina langu. Wanaume wakaanza kuongea wao kwa wao. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiponda mawe, mwenye tumbo kubwa, akapaza sauti:

“Mama, mambo yale ni yapi? Ulipokuja mara ile ulisema yote. Nilikuelewa. Leo unasema nini?”

“Kaogopa mzee wake!” akasema mwingine, na kicheko kikarudi.

Nikaona kwamba niliyekuwa nimefunga mdomo wake ni mimi, kwa uso ule ule nilioambiwa niulete. Kule kwetu mgongo wangu ulimwachia sauti, na picha ya mgongo huo ikamharibia kazi. Hapa uso wangu ulikuwa unamharibia mbele ya watu wale aliowajia. Kugeuka nisingeweza tena. Simu zilikuwa juu zikingoja hilo hilo. Na yule mwenye tumbo alikuwa bado amesimama, nyundo mkononi, anangoja jibu.

Nikasimama mimi. Sikupanga. Nikaomba kipaza sauti, na mkono wangu ulipokipokea kutoka mkononi mwake, hata hilo lilikuwa kosa, kwa kuwa hatupeani vitu mkono kwa mkono.

Nikataja damu. Nikataja njia ya mtoto, kwa sauti yangu, mbele ya mke wa mwanangu na mbele ya watu nisiowajua, na nilisikia maneno hayo yakirudi kutoka kwenye spika kana kwamba kuna mzee mwingine asiye na adabu anayeyatoa kule ng'ambo ya mashimo. Jasho lilinitiririka mpaka ndani ya kanzu. Vijana walikuwa wanacheka, kisha wakaacha kucheka, maana mtu hawezi kumcheka muda mrefu mzee anayetetemeka. Nilisema mwanamke aliyekaribia siku zake aende kusubiri karibu na zahanati, asingoje mume atoke shimoni, asingoje mkwe arudi kutoka mnadani. Hayo nilikuwa nimeyashika kwa mkwe wangu. Nikataka kuongeza la kwangu, ili wasiseme nimefundishwa. Nikasema kwamba maji yakipasuka kukiwa na giza, mwanamke alale kwa ubavu, atulie, angoje kupambazuke, ndipo apelekwe, kama tulivyosikia kwa wazee wetu.

“Hapana, baba!”

Alisema yeye. Alilisema kwa nguvu, bila kipaza sauti, na uso wake umeinuka, ananitazama machoni.

“Hapana. Maji yakipasuka hakuna kungoja. Hata kama ni giza, hata kama mvua inanyesha. Baba, hivyo ndivyo wanavyokufa.”

Hakuna mkamwana katika ukoo wetu aliyewahi kumwambia baba mkwe wake hapana hata wakiwa peke yao jikoni, sembuse mbele ya umati. Yeye mwenyewe alilijua mara tu lilipomtoka. Niliona mkono wake ukienda mdomoni. Nilimrudishia kipaza sauti. Nilikaa, nikaviweka viganja vyangu juu ya magoti, nikaendelea kumtazama, kwa maana ndilo lililonileta.

Akasema. Sasa alisema yote, na hakuzunguka tena. Alieleza kwa nini maji yakipasuka mtoto yuko hatarini, na nini kinachochanika ndani, na mkojo, na harufu, na namna hospitali zinavyoweza kuliponya jambo hilo ambalo wanawake hulificha mpaka kufa. Nilimtazama kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Kuna mahali nilitamani ardhi ipasuke niingie kwenye moja ya yale mashimo yao. Wanawake waliweka nyundo chini. Yule mwenye tumbo alikaa juu ya rundo la mawe yake, mdomo wazi, kama mtu anayesikiliza habari zake mwenyewe.

Mwishoni kiongozi wa wachimbaji alisimama, akakuna shingo.

“Mimi nilidhani huyu mama hana watu,” alisema. “Kumbe ana mzee anayekubali hata kuambiwa hapana naye. Toeni mifuko kwenye kiwanja.”

Walitoa siku hiyo. Niliwaona wakiibeba.

Nyumbani habari ilifika kwa njia ile ile ya simu, safari hii ikiwa picha yenye sauti. Mtani wangu hakuja kunitania, na hilo liliniogopesha kuliko yote. Badala yake niliitwa na wazee wenzangu. Walikuwa wamekaa ndani ya nyumba ya mzee wa ng'ambo ya bonde, na yeye ndiye aliyesema kwa niaba yao, kwa heshima, kama tunavyosemeshana watu wa rika moja.

“Ndugu yetu, tumekusikia ukitaja vitu hivyo mbele ya mkamwana wako. Tumemwona akikujibu. Hatujui tuwaambie nini watoto wetu. Lakini tunajua mwanao ana cheo, na watu wa cheo hulazimisha. Sema alikulazimisha. Tutamaliza hapa hapa, na nafasi yako itabaki ilivyokuwa.”

Walikuwa wananihurumia. Mlango ulikuwa wazi, na mimi nilitamani sana kupita. Neno moja lingetosha, na lingekuwa na chembe ya ukweli. Lakini neno hilo lingesafiri kama picha ilivyosafiri. Lingefika Bugarama kwamba mzee alilazimishwa kusema, na mifuko ya mawe ingerudi kwenye kiwanja. Na hapa kwetu, yale tuliyoyakubali tukiwa tumegeuka, wangesema nayo yalikuwa ya kulazimishwa.

“Nilikwenda mwenyewe,” nilisema. “Na alipofika kwenye kunikatalia, alikuwa na haki. Mimi nilikuwa nimekosea. Maji yakipasuka hakuna kungoja.”

Mzee wa ng'ambo ya bonde alitazama chini.

“Basi kaa nje kidogo,” alisema, “tuamue.”

Nilitoka. Kivuli chote cha upande huo kilikuwa kimekaliwa na mbuzi, nikakaa juani, mikono juu ya fimbo. Wake za nyumba ile walipita na ndoo zao, hawakujua waniamkie au wanizunguke, na mimi sikujua niweke wapi macho. Tangu nizaliwe sikuwahi kuwekwa nje ya kikao cha wazee. Ndani walianza kwa sauti za chini. Kisha zikapanda. Mmoja alisema desturi ni desturi. Mwingine akamuuliza je, kama mke wa mwanao akipasuka maji leo, nawe uko mnadani? Wakabishana juu ya kungoja na kutongoja, na kabla hawajanifikia mimi na hukumu yangu, niliwasikia, watu wa rika langu, kila mmoja akimzidi mwenzake kwa sauti, wakiyataja maneno yale yale yaliyonitoa nje.